Madirisha Yatazame Ziwa

Nyumba ya Namono ilijengwa ikiwa imegeuka. Madirisha sita makubwa, ambayo hayakutakiwa kuingiza jua hata siku moja, yaliwekwa yakilitazama jua la jioni uso kwa uso. Kuanzia saa nane mchana mpaka giza linapoingia, nyumba ilikuwa tanuri. Mwenye nyumba alikuwa mshonaji. Jicho lake la kushoto lilikuwa na kidonda kisichopona, na daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba moshi wa taa na jua kali vikiendelea jicho hilo litakwenda. Nyumba ilijengwa kwa ajili ya jicho hilo. Haikuwa na sababu nyingine.

Mimi ndiye niliyeichora. Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia habari hiyo ikisimuliwa ovyo, huko Malukhu, Mbale, na hapa Walukuba, Jinja. Kuna wanaosema fundi wa Mbale alikuwa mlevi. Kuna wanaosema kiwanja kilikuwa na mkono wa mtu. Wamboga, fundi mwenyewe, hagusi hata malwa, ile pombe ya ulezi, na hakuna mchawi anayejua kuvuta uzi wa msingi.

Naitwa Romano. Shule niliiacha darasa la tano, kwetu Kitgum, nikaingia jeshini. Jeshi lilinifundisha vitu viwili, kujenga na Kiswahili. Kujenga nilifundishwa vizuri. Kiswahili nilichopewa kilikuwa cha amri: mbele tembea, nyuma geuka, lala chini. Kinatosha kumkimbiza mtu. Baadaye nikakiongeza kidogo kidogo kwenye kazi, kwa sababu fundi Mwacholi na fundi Mgisu hawana lugha nyingine ya kugombania.

Nilipotoka jeshini nilikuja Jinja, nikapata kazi ya kuziba paa la kiwanda kimoja cha nguo. Lilikuwa paa la meno ya msumeno. Kila jino lilikuwa na upande wa bati na upande wa kioo, na vioo vyote vilitazama ziwa. Miaka minne nilitambaa juu ya paa hilo na ndoo ya lami. Chini yangu wafumaji walikuwa wanaona uzi mwembamba kama unywele, saa tisa mchana, bila balbu, na bila jua kumpiga mtu hata mmoja usoni. Umeme ulipokatika mashine zilinyamaza, lakini hakuna aliyepapasa ukuta kutafuta mlango.

Umeme ulikuwa unakatika sana. Hilo nalo linanikera mpaka leo. Bwawa liko hapa hapa Jinja, nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda Kenya, na sisi Walukuba tunawasha tadoba, ile taa ya mkebe na utambi inayokutia masizi puani. Walio na umeme nao wanawasha balbu saa nne asubuhi, kwa sababu wamejijengea mapango. Mtu ana fedha za kununua makochi mekundu, halafu anaweka dirisha la ukubwa wa sinia. Ukimwuliza anakwambia wezi. Basi mwizi hakuingia, lakini jua la bure nalo halikuingia, na kila mwezi analipa bili ya kumulika ukuta wake mwenyewe mchana.

Kwa hiyo nilipopata kiwanja kidogo pembeni mwa Walukuba nilijenga kwa akili ya kile kiwanda. Nyumba nyembamba, chumba kimoja tu kwenda ndani, futi kumi na nne. Kuta mbili ndefu, moja inatazama ziwa, nyingine inalipa ziwa mgongo. Kuta mbili fupi, za upande jua linapochomoza na linapozama, sikuweka dirisha hata moja. Upenu wa paa nikautoa nje futi mbili na nusu, ili jua la saa sita lisifike kwenye kioo. Madirisha niliyapandisha mpaka karibu na dari, kwa sababu mwanga huingia ndani mara mbili ya kimo cha dirisha: likifika futi saba, mwanga unafika futi kumi na nne. Pembe za ukuta kwenye dirisha nilizikata mshazari, dari na kuta nikazipaka chokaa, na uani mbele ya madirisha nikamwaga mchanga mweupe urushe mwanga juu. Matundu ya hewa chini ya paa. Basi. Hakuna kitu cha ajabu hapo. Mke wangu Aber anachambua mchele saa kumi na mbili kasoro jioni, nyuma kabisa ya chumba, na mawe anayaona.

Namono aliiona nyumba hiyo mwezi wa sita, mwaka 1996. Marehemu mumewe, Jude, alikuwa askari magereza pale Kirinya na rafiki yangu wa karibu, ndiyo maana ananiita shemeji. Jude alipokufa, Namono alitoka kwenye nyumba za askari akarudi kwao Mbale, akapanga chumba Nabuyonga na cherehani yake. Chumba kilikuwa na kidirisha kimoja kilichotazama ukuta wa bafu la jirani. Alishona kwa tadoba mchana na usiku, uso umeinamia sindano, moshi ukimpanda. Miaka mitatu ya hivyo ndiyo ilimpa kidonda.

Alikuja kututembelea, akaketi kwenye kiti cha nyuma, akatoa shati alilokuwa anatia vifungo. Baada ya muda aliinua kichwa akauliza taa iko wapi. Aber akamwambia hakuna. Namono aliacha kushona, nikaona anataka kulia.

Nikachukua katoni ya sabuni, nikaitoboa madirisha kwa kisu upande mmoja, na tundu dogo la kuchungulia kwenye kichwa cha katoni. Nikamtoa uani. Nilipoelekeza madirisha ya katoni kwenye ziwa, nikamwambia achungulie. Ndani kulikuwa kweupe kila mahali, hakuna doa la jua. Nikaigeuza itazame daraja, jua linapoelekea jioni. Jua likaruka ndani likamchoma jicho kupitia kitundu. Akarudisha kichwa haraka.

"Kumbe jua na mwanga si kitu kimoja," akasema.

"Si kitu kimoja. Unataka mwanga. Jua liache nje."

Akaniomba nimjengee nyumba kama ile ile kwenye kiwanja alichoachiwa na baba yake Malukhu. Alisema akiwa na chumba cha namna hiyo atashona kutwa, na usiku atalala kama watu wengine, na jicho litapumzika. Alikuwa amesikia kwamba mwaka unaofuata serikali itaingiza watoto wanne wa kila nyumba shule ya msingi bila ada. Watoto wote hao watahitaji sare. Nilimwambia nyumba itakuwa tayari kabla ya sare.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

Mwezi wa saba nilipata kazi ya duka mjini Jinja, kwa bwana mmoja, Isabirye. Duka kubwa, la ghorofa moja. Isabirye alitaka mbele yote iwe kioo kitupu, na mbele yenyewe ilitazama jua la jioni. Nikamwambia atachomeka. Akasema ataweka feni nne. Nikamwambia kioo hicho kitamlazimu kufunga pazia, na akifunga pazia atawasha taa. Akasema ataweka taa. Mtu wa namna hiyo humwambii kitu. Lakini kazi yake ilikuwa ya miezi sita, nami sikutaka kuiachia mtu mwingine. Nyumba ya mjane nikaituma kwa karatasi.

Narudia, niliituma. Kwenda Mbale asubuhi na kurudi jioni si safari ya kutisha. Siku moja ya kuvuta uzi wa msingi ilitosha. Sikwenda. Nilichora kwenye karatasi ya daftari, kwa rula, vipimo vyote, upenu, kimo cha madirisha, mshazari wa pembe, hata chokaa niliandika mikono mitatu, yaani ipakwe mara tatu. Na chini, kwa herufi kubwa nilizozipigia mstari, nikaandika: MADIRISHA MAKUBWA YOTE YATAZAME ZIWA.

Kwa mtu wa Walukuba hakuna neno lililo wazi kuliko hilo. Sisi hatusemi kusini. Neno nalijua, nimelisikia redioni, lakini ukimwambia fundi wa hapa achimbe kusini atakuuliza unamaanisha ziwani au Iganga. Pande zetu ni nne: ziwa, daraja, Kamuli, Iganga. Mtoto anayetambaa anazijua. Ziwa liko pale, unaliona ukitoka kukojoa. Sikufikiri hata kidogo kwamba ziwa ni kitu ambacho mtu anaweza kukiacha nyuma akipanda gari.

Namono aliichukua karatasi akampa Wamboga, fundi wa Malukhu, mtu mwenye jina zuri. Msingi ulichimbwa mwezi wa nane. Mwisho wa mwezi wa kumi nyumba iliezekwa, na Namono akahamia, maana chumba cha Nabuyonga alikuwa amekwisha kukiacha. Wiki mbili baadaye nilipata ujumbe wake kwa dereva wa basi. Haukuwa mrefu. Ulisema: shemeji njoo uone.

Nilifika Malukhu Ijumaa, tarehe kumi na tano mwezi wa kumi na moja, saa tisa mchana. Niliiona nyumba kutoka njiani. Ile nyumba ilikuwa yangu, kila futi. Upenu, kimo, mshazari, kila kitu kilikuwa kama nilivyochora, na kazi ya mkono ilikuwa safi kuliko yangu. Lakini imegeuka robo. Ukuta mrefu wenye madirisha sita ulikuwa umesimama kifua wazi mbele ya jua linaloteremka. Upenu wa futi mbili na nusu haufanyi kitu kwa jua la namna hiyo, maana haliji kutoka juu, linakuja mlalo kama mwizi anayeingia kwa mlango. Ukuta wa nyuma ulitazama Wanale, ule mlima wao, lakini kwa kuwa nyumba ilikuwa imegeuzwa kwenye kiwanja chembamba, nyuma palibaki hatua moja tu mpaka ukuta wa jirani.

Nikaingia. Mbao za madirisha zilikuwa zimefungwa zote. Mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Katikati ya chumba kikubwa, saa tisa mchana, katika nyumba niliyoichora ili isihitaji taa, tadoba ilikuwa inawaka juu ya cherehani. Namono alikuwa ameiinamia na kitambaa cha maji kimefungwa kwenye jicho.

Alinisalimia vizuri. Hilo lilinitia hasira zaidi.

Nilitoka nje nikamwita Wamboga kwa sauti ya kambini. Alikuwa anajenga choo kiwanja cha pili. Alikuja na mwiko mkononi, taratibu, mtu mfupi mwenye mabega mapana, na watu wakaja nyuma yake kwa sababu sauti yangu ilitosha kuleta mtaa mzima. Nilimtukana. Nilimwita fundi wa mabanda ya kuku. Nilimwambia mtoto wa darasa la pili angesoma karatasi ile akaielewa. Nilimwambia amempofusha mwanamke kwa uvivu wa kuangalia. Nilisema mengine ambayo sitayaandika, yanahusu kabila lake, na sikuwa na haki ya kuyasema.

Wamboga alinisikiliza mpaka nikakosa pumzi. Halafu akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameitunza ndani ya nailoni, haikuwa na hata doa la simenti.

"Afande, hii ni karatasi yako au ya mwingine?"

"Yangu."

"Soma hapo chini."

Nikasoma kwa sauti. Madirisha makubwa yote yatazame ziwa.

"Ziwa liko wapi?"

Nikanyoosha mkono. Kutoka pale Malukhu nilinyoosha mkono upande wa Tororo, kwa sababu huko ndiko kusini ya redioni, kunakolingana na ziwa letu. Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akauliza kama siku hizi Tororo wanavua samaki kwenye ule mwamba wao.

Wamboga hakucheka. Alinyoosha mwiko kwenye jua lenyewe, lililokuwa linatuchoma macho sote wawili.

"Samaki wetu wanatoka Kyoga," akasema. "Wanapita Pallisa, wanaingia mjini kwa njia ile pale. Tangu nizaliwe, ziwa liko huko. Sasa wewe, bwana, umehama Jinja na ziwa lako mfukoni, mimi ningelionaje?"

Nilikuwa bado nimenyoosha mkono upande wa Tororo kama mjinga anayesimamisha gari.

Nikajaribu kusema kwamba fundi mwenye akili angeona jua linaingia akasimamisha kazi. Akasema aliona. Akasema alimwendea Namono msingi ukiwa haujamwagwa zege, akamwambia nyumba hii itawaka moto jioni, afadhali tuigeuze. Nikamgeukia Namono, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Ni kweli," akasema. "Mimi ndiye nilimkatalia. Nilimwambia afande ana sababu zake. Alinionyesha kwenye katoni."

Alikuwa ameona katoni Walukuba, amesimama na ziwa mbele ya macho yake, kisha akarudi kwao, na kwao neno ziwa lilikuwa na mahali pake tangu utotoni. Aliniamini mimi kuliko jua. Fundi aliyekuwa na akili ya kusimamisha kazi alinyamazishwa kwa jina langu. Ningeandika Tororo badala ya ziwa, neno moja kwa neno moja, jicho lile lingekuwa na nyumba yake. Au ningekwenda siku moja.

Watu walianza kutawanyika. Namono alisubiri mpaka wamekwenda. Hakuuliza ni kosa la nani.

"Shemeji," akasema, "kesho nashonea wapi?"

Shule moja ya Nabuyonga ilikuwa imemwagiza sare mia moja na ishirini, zifike kabla ya shule kufunguliwa. Asubuhi aliweza kufungua madirisha na kushona vizuri, mpaka saa saba hivi. Baada ya hapo ilikuwa kufunga mbao na kuwasha tadoba, na usiku tadoba tena. Alijaribu kutundika shuka. Joto likabaki na mwanga ukawa wa manjano, sindano haionekani. Alijaribu kukaa nje. Vumbi likaingia kwenye kidonda. Kwa kushona asubuhi peke yake asingemaliza hata nusu.

Nikamwambia afanye kazi ya asubuhi tu, na Jumanne nitarudi na vyombo. Tutaziba madirisha ya jua, tutatoboa kuta fupi. Wamboga alisema yuko tayari. Namono akauliza kama ni Jumanne hii. Nikasema hii.

Jinja nilimkuta Isabirye anataka kioo chake. Kilikuwa kimefika kutoka Kampala, kipande kizima, na mtu wa kukisimamisha alikuwa mimi. Akaniambia nikiondoka sasa nisirudi. Ningeweza kuondoka. Watu huacha kazi kila siku na hawafi. Nikajiambia siku tatu, kisha siku tatu zikawa wiki, kwa sababu fremu ilikataa, kisha ngazi, kisha rangi. Kila jioni nilisimama ndani ya duka lile jipya nikiungua kama mkate, feni nne zinazungusha joto lile lile, nikijua ni kitu gani kinaendelea Malukhu saa hiyo hiyo. Nilimchukia Isabirye. Haikusaidia. Isabirye hakuwahi kumwahidi Namono chochote.

Siku moja Aber aliniwekea chakula, akabaki amesimama. Mimi na yeye huwa tunasema Kiacholi, lakini siku hiyo alisema Kiswahili, kama anavyosema na watu asiowajua sokoni.

"Ile nyumba uliijenga kwa mdomo," akasema. "Na hata kuibomoa unaibomoa kwa mdomo."

Nilifika Malukhu tarehe ishirini na tatu mwezi wa kumi na mbili.

Namono alikuwa amekaa kwenye kitanda, si kwenye cherehani. Jicho la kushoto lilikuwa limefungwa pamba na plasta ya hospitali. Tangu mwanzo wa mwezi alikuwa ameuacha ule mpango wa kushona asubuhi tu. Wazazi walikuja kuuliza sare, shule ikatuma mtu, na yeye ni mtu asiyejua kurudisha kazi. Akashona mchana mbao zimefungwa, akashona usiku. Kidonda kikafunguka. Alipofika hospitali daktari alimuuliza kama yeye hakumwonya. Alikuwa amemwonya.

Nikaanza maneno. Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Wamboga yuko nje," akasema. "Mwambie mfanye kazi."

Tulifanya kazi. Krismasi tulikuwa tunapasua ukuta. Tuliziba madirisha sita kwa matofali. Kuta mbili fupi, moja ya upande wa Tororo na moja ya upande wa mji wa Kumi, tukazipasua mpaka juu kwenye pembe ya paa, tukaweka linta, boriti ya zege ya kubeba ukuta juu ya dirisha, tukahamishia humo madirisha mawili kwa kila ukuta. Mawili yaliyobaki Wamboga aliyaegemeza kwenye mti. Ukuta wa kutenganisha vyumba tuliubomoa nusu, ili mwanga ufike katikati. Chokaa mikono mitatu. Siku zote hizo Wamboga alisema nami maneno ya kazi tu. Lete maji. Shika hapa. Kamba imelegea. Nilipojaribu kumwomba radhi kwa yale matusi aliendelea kupima timazi, na nilipomaliza akaniuliza kama simenti inatosha.

Nyumba sasa inakalika. Jua haliingii. Ncha zote mbili kuna mwanga mzuri, na cherehani tuliihamishia upande wa Tororo. Katikati kuna giza kidogo, huwezi kutunga uzi, kwa sababu nyumba ni ndefu, na mwanga unaoingia kwa ncha hauwezi kufika huko hata ukiupigia magoti. Mimi naijua kanuni hiyo kuliko mtu yeyote wa Malukhu. Niliijua hata siku nilipoandika ile karatasi.

Hasara ni hii. Madirisha mawili yanaoza chini ya mti. Matofali mia tisa yalikwenda kuziba mahali palipotakiwa pawe wazi. Kuta tatu zilivunjwa zikiwa hazijamaliza miezi mitano. Kutoka Jumanne niliyoahidi mpaka Jumatatu niliyofika ni siku thelathini na nne. Sare zilizoagizwa zilikuwa mia moja na ishirini, zilizoshonwa arobaini na tatu, zilizobaki shule iliwapa washonaji wa sokoni, na mwaka uliofuata haikumwagiza hata moja. Jicho la kulia lipo. La kushoto daktari alilitoa tarehe tisa mwezi wa kwanza, 1997.